Jiko Kuukuu, Bana Mpya na Harufu ya Mayai Viza

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa nyuma ya nyumba, mikono imejaa masizi, napigana na jiko.

Jiko lenyewe ni la gesi, la kuchomea nyama, aina inayopatikana nyuma ya nyumba nyingi hapa Illinois ninapoishi. Hili ni la miaka ya 1980: boksi zito la alumini lililosimama juu ya mguu mmoja, mfuniko kama gamba la kobe, na ndani mawe ya volkano yaliyolowa mafuta ya nyama ya miaka na miaka. Jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, alikuwa anahamia kwa mwanawe, akanipa bure. Mimi nikaona dola. Nisugue, nipake rangi, niuze. Mwandishi wa kujitegemea hachagui riziki!

Jumamosi ya kwanza nilishinda na brashi ya waya, msasa na kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, ile inayovumilia joto. Jioni jiko likang'aa. Nikapiga picha, nikatangaza, na kabla sijalala mama mmoja wa Bukavu anayeishi mji wa jirani akapiga simu. Dola 120, atakuja na watoto wake kulichukua.

Jumapili nikaliwasha. Upande wa kushoto ukatoka moto wa njano, mrefu, unaoyumba kama wa kibatari. Upande wa kulia haukuwaka kabisa. Halafu nikaona mwanga mahali pasipotakiwa: chini ya boksi, karibu na koki. Nikafunga mtungi mbio mbio. Nilipotoa mawe nikaikuta bana, lile bomba lenye umbo la H na matundu ambayo moto hutokea, imeliwa na kutu upande wa chini. Tundu la kupitisha kidole gumba!

Nikamweleza rafiki yangu mmoja wa Mwanza, mkubwa wangu kidogo. Akacheka. "Dogo, huko chini nani ataangalia? Mpe mama jiko lake, chukua hela yako."

Niseme ukweli, ndugu msomaji: nililala na wazo hilo. Kilichonitoa humo ni udadisi tu. Nilitaka kujua kwa nini moto ulikuwa wa njano, na swali hilo dogo likanifikisha mbali.

Likanifikisha kwanza Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1855. Gesi ilikuwa imeshafika mjini kwa ajili ya taa. Moto wake ulitoa mwanga na masizi, na mwanakemia Robert Bunsen hakuhitaji vyote viwili. Alitaka moto mkali na safi kwa ajili ya maabara yake mpya. Akishirikiana na fundi wake, Peter Desaga, wakatengeneza bomba ambalo gesi inaingia chini kwa kasi kupitia tundu dogo, inavuta hewa kutoka pembeni, na viwili hivyo vinachanganyika kabla ya kuwaka. Matokeo yake ni moto wa bluu usio na masizi. Nyuma yake kuna Mwitalia, Giovanni Battista Venturi, aliyeandika mwaka 1797 jinsi maji au hewa inavyoongeza kasi na kupungua msukumo inapopita mahali pembamba. Hapa Marekani shingo ya bana bado inaitwa venturi.

Kwa hiyo moto wa njano unakwambia kwamba gesi haipati hewa ya kutosha. Nikachungulia shingo ya upande wa kulia. Utando wa buibui! Kumbe buibui wadogo wanapenda sana mabomba haya. Utando ukiziba, gesi inarudi nyuma na kuweza kuwaka karibu na koki, pale pale mkono wako ulipo. Kwa hiyo jiko langu lilikuwa na magonjwa mawili, kutu na buibui, na rangi yangu nzuri ilikuwa imeyavalisha suti yote mawili.

Sasa, jiko hili lilifikaje nyuma ya nyumba? Wamarekani walianza na mkaa kama sisi. Katika miaka ya 1920 Henry Ford alikuwa na mabaki mengi ya mbao kutoka viwanda vyake vya Michigan, akayageuza kuwa vidonge vya mkaa. Mwaka 1952 George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alikata boya la chuma katikati na kupata jiko la mviringo lenye mfuniko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gesi ikaingia. Walter Koziol, mtu wa Illinois aliyekuwa akitengeneza taa za gesi za uani, anatajwa miongoni mwa waanzilishi wa majiko ya gesi ya kuchomea nyama nyumbani. Mantiki ilikuwa rahisi: kama bomba la gesi limeshafika kwenye taa uani, kwa nini lisifike kwenye jiko? Ndiyo maana mengi ya zamani yalisimama kwenye nguzo moja iliyochimbiwa ardhini, na ndiyo asili ya mguu mmoja wa jiko langu.

Mtungi ndio uliolipa jiko uhuru wa kutembea. Ndani yake kuna propani, gesi ambayo mwanakemia Walter Snelling aliitambua mwaka 1910 alipokuwa akichunguza petroli iliyopotea kwa kugeuka mvuke. Ikishindiliwa inakuwa kimiminika, unaibeba mkononi. Ila ina tabia mbili mbaya. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja inatambaa chini na kujificha. Na kwa asili yake haina harufu.

Nasikia unabisha. Haina harufu? Mbona mtungi wa nyumbani kwako Sinza au Kilimani ukivuja kidogo tu unanuka kama mayai viza?

Harufu ile imewekwa, ndugu yangu. Na ina historia ya machozi.

Tarehe 18 Machi 1937, mji wa New London, Texas. Shule ilikuwa katika eneo lenye utajiri wa mafuta, lakini ili kupunguza gharama, gesi ya kupasha joto madarasa ilichukuliwa kwenye bomba la gesi iliyobaki baada ya kusafisha mafuta. Ikavuja chini ya sakafu. Hakuna aliyeinusa, kwa sababu hapakuwa na cha kunusa. Alasiri, dakika chache kabla ya wanafunzi kutoka, cheche ya mashine ya umeme ya kusugulia mbao ikaiwasha. Watu wapatao 295 walikufa, wengi wao watoto. Miongoni mwa waandishi waliofika alikuwemo kijana wa miaka 20 wa shirika la United Press, Walter Cronkite. Baadaye aliripoti Vita vya Pili vya Dunia na akawa mtangazaji maarufu kuliko wote Marekani, lakini uzeeni bado aliizungumzia siku ile kama jambo ambalo hakuna kilichokuwa kimemwandaa kulikabili.

Mwaka huo huo Texas ikapitisha sheria ya kutia gesi harufu, na desturi hiyo ikaenea.

Nilisoma habari hiyo usiku, nikamkumbuka yule mama aliyesema atakuja na watoto. Asubuhi nikampigia, nikamwomba wiki mbili zaidi.

Bana mpya dola 38. Mpira na regulata mpya dola 27, maana wa zamani ulikuwa umepasuka. Kwa anayetaka kujaribu: pima bana ya zamani kabla ya kununua, shingo hadi shingo. Bolti zangu mbili zilikataa kufunguka, nikazikata kwa msumeno wa chuma. Safisha shingo zote, hakikisha kila moja imekaa juu ya tundu lake la gesi, halafu zungusha kile kifuniko cha hewa hadi moto uwe wa bluu. Mwisho, paka maji ya sabuni kila maungio na ufungue mtungi. Povu likivimba, gesi inavuja. Usitumie kiberiti kutafuta jibu!

Mtungi nao nikauangalia. Una kishikio cha pembe tatu, alama ya valvu inayozuia mtungi usijazwe kupita kiasi. Kanuni za usalama za Marekani zilianza kudai valvu hiyo mwaka 1998.

Mama alipokuja nilimwonyesha yote, hata bana ya zamani yenye tundu. Akaishika, akaipitisha kidole, akanitazama. "Mwanangu, na hii ungeniuzia?"

"Nilikaribia, mama."

Hakucheka. Akaniambia niliwashe tena mbele yake, nikaliwasha. Nilipokuwa nafungua mpira ili tulipakie, gesi iliyobaki ikatoka kidogo, na binti yake wa miaka kama sita akaziba pua. "Mama, inanuka!"

Nikamwambia vizuri sana, na popote utakaposikia harufu hiyo ukimbie nje, uite wakubwa. Sikumweleza kuhusu watoto wa New London. Atakuja kusoma mwenyewe.

Hesabu: dola 120, toa 65 za vipuri, toa 9 za rangi. Zimebaki 46, kwa wiki tatu za jasho. Rafiki yangu wa Mwanza bado ananicheka.

Haya, leo ukipika, inama uangalie rangi ya moto wako. Tuko pamoja.