Geocaching: ginsi ya kuanza kutafuta visanduku kwa telefone

Geocaching, inayotamkwa jiokashing, ni mchezo wa kutafuta kisanduku kilichofichwa, kwa kufuata namba za mahali ambazo telefone inazijua kwa msaada wa satelite. Mtu mmoja anaficha, anaweka namba kwenye intaneti, wengine wanakwenda kutafuta. Anayekipata anaandika jina na tarehe kwenye kikaratasi cha ndani, kisha anakirudisha palepale. Hakuna pesa ya kushinda. Furaha ni kutembea na kuvumbua.

Wakongomani wengi wanaoishi Marekani, Kanada ao Ubelgiji wanakutana na mchezo huu kupitia watoto wao. Hata hapa nyumbani telefone nyingi zina GPS. Ni vizuri kujua unavyochezwa, na mahali ambapo haufai.

Ulianza namna gani?

Zamani, serikali ya Marekani iliharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na kifaa kiliweza kukosea hata metre 100. Mwanzoni mwa mwezi wa 5 mwaka 2000, Rais Bill Clinton aliondoa kizuizi hicho. Tarehe 3 mwezi huo, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akiwa ametia ndani vitabu, programu za kompyuta na manati. Alitangaza namba zake kwenye intaneti, na siku chache tu zikapita, watu wakaiona. Kunako mwezi wa 9 mwaka huohuo, tovuti ya Geocaching.com ilifunguliwa. Leo kuna visanduku zaidi ya milioni 3 duniani.

Kusoma namba bila kupotea

GPS inahitaji kuona satelite 4 ao zaidi. Inafanya kazi hata kama mega zimeisha, lakini ramani lazima uishushe mapema. Chini ya miti mingi ao kati ya majengo marefu, inakosea zaidi.

Kosa la wengi wanaoanza ni kuchanganya dakika na desimali. Kwa mfano, S 01° 40.500, ambayo ni upande wa Goma, maana yake ni digrii 1 na dakika 40 na nusu kusini ya ikweta. Ukiigeuza kuwa desimali ni 1.675, kwa sababu dakika 60 zinafanya digrii moja. Mtu akiandika 1.405, telefone itamutuma kilometa 30 hivi kaskazini, njia ya Rutshuru. Katika eneo lenye vita, kosa hilo si la kucheka.

Hatua za kuanza

1. Fungua konti ya bure, kwa jina la mchezo, si jina lako la kweli.
2. Chagua kisanduku cha kawaida. Ugumu wa kutafuta na ugumu wa njia vinapimwa toka 1 mpaka 5: anza na 1. Acha vile vidogo sawa ncha ya kidole, vinachosha sana.
3. Angalia kama kuna mtu aliyekipata siku hizi za karibuni.
4. Beba kalamu, maji, na umwambie mtu wa nyumbani unakokwenda.
5. Ukibakiza metre 10 hivi, acha kuangalia telefone, tumia macho: shina la mti, ukuta, nguzo.
6. Ukichukua kitu cha ndani, weka kingine chenye thamani ileile ao zaidi. Usiweke chakula, pombe, kisu wala kitu cha kulipuka.
7. Usipokiona, andika hivyo. Mwenye kisanduku atakwenda kukagua.

Anayetaka kuficha anaomba ruhusa ya mwenye kiwanja. Hachimbi shimo kufukia, na anaacha metre 161 kati ya kisanduku chake na kingine. Watu wa kujitolea wanachunguza kila kimoja kabla hakijatangazwa.

Kwa nini ruhusa ni ya lazima

Mwaka 2011, pale Wetherby, Uingereza, kisanduku kilichoachwa karibu na mkahawa kilidhaniwa ni bomu. Wataalamu wa jeshi waliitwa, wakakilipua. Kumbe kilikuwa cha geocaching. Na hiyo ni inchi yenye amani.

Katika Kivu na Ituri, vita vimeacha mabomu na grunedi zisizolipuka mashambani na hata karibu na nyumba. Mtoto aliyezoea kufungua kila kisanduku anachookota anaweza kufa. Kwa hiyo, asiyejua eneo asitafute porini, na hakuna wa kuficha kitu karibu na kambi ya jeshi, barrière, soko ao barabara.

Anayetaka kuwafundisha watoto GPS afanye hivyo ndani ya kiwanja cha shule ao parokia kinachojulikana kuwa salama. Mkuu wa mahali na shefu wa kartie wajulishwe. Atumie chupa ya plastiki inayoonyesha vya ndani, iandikwe wazi « mchezo », na jioni zote ziondolewe.

Ukiona kitu usichokijua: usiguse, usirushe jiwe, usichome moto. Rudi kwa njia uliyojia, zuia wengine wasikaribie, na ujulishe viongozi haraka.