Moses ibn Ezra, Mshairi wa Granada

Mji wa Granada uko kusini mwa Hispania, chini ya milima yenye theluji. Katika karne ya 11 ulitawaliwa na wafalme Waislamu wa ukoo wa Ziri, na Wayahudi wengi wenye elimu na mali walikaa humo. Hapo alizaliwa Moses ibn Ezra, yapata mwaka 1055, katika jamaa ya watu wenye cheo. Alisoma Lucena kwa mwalimu mashuhuri, Isaac ibn Ghiyyat. Kiebrania kilikuwa lugha ya dini yake, lakini elimu nyingine aliipata kwa Kiarabu, kama walivyofanya Wayahudi wote waliostaarabika wa nchi ile.

Ushairi wa Kiebrania ulikuwa umekwisha kuvaa vazi la Kiarabu. Katika karne ya 10 Dunash ben Labrat aliingiza mizani ya Waarabu, na wako waliomlaumu kwamba anaiharibu lugha takatifu. Mizani hiyo si kama yetu: sisi huhesabu silabi tu, bali wao walipima pia ndefu na fupi. Ibn Ezra aliimudu kazi hiyo hata akatunga kitabu kizima ambacho maneno ya vina hufanana kwa sauti na kuachana kwa maana. Msomaji na afikiri juu ya kaa la moto, kaa wa pwani, na kaa kitako. Ustadi wake haukanushiki, ila mchezo huo, kwa maoni yangu, huchosha upesi.

Alikuwa pia na jicho la kutambua kipawa. Kijana wa kutoka kaskazini, Judah Halevi, alipoiga shairi lake moja gumu, Ibn Ezra hakuona wivu, bali alimwita Granada akamkaribisha. Baadaye kijana huyo alimpita kwa umaarufu.

Mwaka 1090 Almurabituni kutoka Afrika ya Kaskazini waliuteka mji. Jumuiya ya Wayahudi ikavunjika, ndugu zake wakakimbia. Yeye alibaki kwa muda, kisha akahamia nchi za Wakristo za kaskazini, asirudi kukaa kwao tena. Huko aliyahifadhi maisha yake, lakini mashairi yake yamejaa malalamiko ya mtu aliyekosa wenzi wa kuzungumza nao. Hayo ndiyo mashairi yake bora.

Uzeeni aliulizwa maswali manane juu ya ushairi, akayajibu kwa kitabu cha Kiarabu, Kitab al-Muhadara wal-Mudhakara. Kwa nini ushairi kwa Waarabu ni kama tabia ya kuzaliwa? Je, mtu aweza kutunga ndotoni? Katika sehemu ya mwisho alieleza mapambo ishirini ya ushairi, na mifano aliitoa kwa Waarabu na katika Biblia pia. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba pambo lililodhaniwa kuwa la kigeni lilikuwamo katika maandiko yao wenyewe. Aliwataja pia washairi wa Kiyahudi wa Andalusi, akampima kila mmoja, wakati ulimwengu wao ulikuwa umekwisha kutawanyika.

Alikuwa hai bado mwaka 1138. Wimbo wake mmoja, El Nora Alila, huimbwa hata leo na Wayahudi wenye asili ya Hispania katika Siku ya Upatanisho, jua linapokaribia kuchwa.