Nyasi za Kaptich

Msafiri apitaye Kericho leo, akatazama mashamba ya chai yaliyotandaa juu ya udongo mwekundu wenye kina, aghalabu hatadhani kwamba nchi hii, kabla ya makampuni makubwa ya chai kufika katika miaka ya 1920, ilikuwa nchi ya ng'ombe, na kwamba mahari, heshima na riziki ya Wakipsigis, wenyeji wake, zilitegemea nyasi.

Walikuwa na desturi iitwayo kaptich: nyumbani walibaki ng'ombe wachache wa maziwa, na wengine wote wakapelekwa nyanda za chini zilizo kavu zaidi, kuelekea nchi ya Wamasai, wakachungwa na vijana waliolala makambini na kuhama malisho yalipopungua, hata nyasi zilizoachwa nyuma zikapata kupumzika.

Mapumziko hayo ndiyo yaliyoihifadhi nchi. Udongo wa kina husamehe makosa mengi. Bali penye udongo haba juu ya mwamba maji hayakai, na nyasi za kudumu huishi kwa akiba ya mizizi. Jani likiliwa mara kwa mara kabla akiba haijarudi, mzizi hufupika, shina hufa, mvua hutiririka badala ya kuzama, na mahali pa nyasi tamu hushikwa na nyasi za msimu mmoja na vichaka mfano wa leleshwa. Wala kuondoa mifugo kabisa si dawa, maana nyasi zisizoliwa wala kuchomwa huzeeka na kujisonga zenyewe.

Lakini mwaka 1905 Serikali ya Kiingereza ilipeleka jeshi Sotik, katika nchi ya Wakipsigis, na kuteka ng'ombe wengi. Kisha ardhi ya Sotik na ya Kericho ikagawiwa walowezi na makampuni. Na tangu miaka ya 1930, plau na mahindi vilipoenea, kila mwenye shamba akajizungushia ua, kaptich ikafifia, na mifugo iliyozoea kuhama ikafungwa mahali pamoja.

Maofisa wa zama zile walimlaumu mfugaji kwa kupenda wingi wa ng'ombe, lakini insafu yatutaka tukiri kwamba aliyepunguza nafasi ya kuhama ndiye aliyeanza kuidhulumu nyasi. Basi wafugaji wa leo wa nyanda hizo kavu, huko Bomet ya chini, maadamu nyua haziondoki, na wagawe malisho yao mafungu, wayalishe kwa zamu, na kila fungu walipe muda wa kupona kabla ya kulirudia.