Viini Vilivyokomewa Hukomolewa

Tendo la kurudisha kazini viini vya kichakataji vilivyozimwa kiwandani limepewa majina mengi katika Kiswahili cha kompyuta, na kila jipya linalokuja huzidi kulififisha. Wapo wanaoandika "kufungua viini vilivyofichika", wapo wanaosema "kuamsha viini vilivyolala", na ipo istilahi ya vikao, "kuwezesha viini", iliyopitishwa kana kwamba kazi ya mtunga istilahi huisha pale neno la kigeni linapopata mwenzake wa kukaa naye. Makala haya yanatetea kitenzi ambacho Kiswahili kilikuwa nacho kabla ya kompyuta kuwapo: kukomoa. Kiini kilichozimwa kimekomewa, anayekirudisha amekikomoa.

Istilahi hupimwa kwa jambo inalolitaja, na mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili ni Phenom II ya AMD. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza kipande cha silikoni kiitwacho Deneb, chenye viini vinne, transista zipatazo milioni 758 na kache ya pamoja ya megabaiti 6. Kipande chenye kiini kibovu hakikutupwa: kiini hicho kilizimwa, na kipande kikauzwa kama Phenom II X3 720 ya viini vitatu. Vikizimwa viwili, kiliuzwa kama Phenom II X2 550. Baadaye wanunuzi waligundua kwamba Advanced Clock Calibration, kipengele kilichowekwa kwenye chipu ya SB750 ya ubao mama ili kusaidia kuongeza kasi, kikiwashwa katika BIOS huvirudisha viini hivyo, na X2 550 ikaanza kujitambulisha kama X4 B50. Vingi vilivyorudishwa vilifanya kazi bila kuyumba, jambo linaloonyesha kwamba hata viini vizima vilizimwa ili soko la bei nafuu lipate bidhaa za kutosha. Vingine vilikwama mara tu vilipopewa kazi. Istilahi sahihi lazima ivienee vyote viwili, kiini kizima na kiini kibovu.

Komeo ni kipande cha mti au chuma kinachopitishwa nyuma ya mlango ili usisukumwe. Komeo halina ufunguo. Kukomea ni kulipitisha, kukomoa ni kuliondoa. Vitenzi hivi viwili vimo katika familia kongwe ambayo wanasarufi huiita kauli ya kutendua: ziba na zibua, tega na tegua, fukia na fukua, bandika na bandua, chomeka na chomoa. Kila jozi ina tendo na tendo la kulibatilisha, na hivyo ndivyo ilivyo hapa: kiwanda kimetenda, mtumiaji anatendua. Kompyuta yenyewe imekwisha kunufaika na familia hii, kwani pakia na pakua zimetoka kwenye shehena na chungu zikaingia kwenye mafaili, na leo hakuna anayezishangaa. Kuchakata nako kulitumika kwenye mkonge kabla ya kupewa data. Kukomea na kukomoa kunaomba nafasi hiyohiyo, na kunakuja na ukoo mzima: komewa, komolewa, komoka, ukomoaji. Anayependa "kuwezesha" na atuambie kinyume chake ni nini, kisiwe kitenzi chenye kikanushi kilichobandikwa mbele.

Majina shindani yanaanguka moja baada ya jingine. "Vilivyofichika" si kweli, kwa kuwa kiini hicho hakikufichwa mahali. Kimo palepale kwenye silikoni, kimezibiwa njia ya kuingia kazini. "Kuamsha" kunachanganya mambo mawili yaliyo mbali, kwani viini vya kawaida hulala kweli kila vinapokosa kazi ili kupunguza umeme, na mfumo endeshi huviamsha mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kiini kilichokomewa mfumo huo haukioni kabisa. "Kuwezesha" kunaahidi uwezo, na hakuna menyu ya BIOS inayoweza kukipa uwezo kiini kilichotoka tanuruni na kasoro. Kukomoa hakuahidi chochote kuhusu kilichomo nyuma ya komeo.

"Kufungua" ndiko kunakotetewa kwa nguvu zaidi, kwa hoja kwamba kila mtu anakuelewa. Ni kweli, na hapo ndipo ubovu wake ulipo. Tunafungua faili, tunafungua programu, tunafungua kasha la kompyuta. Hiyo X2 550 iliuzwa kwa jina la Black Edition kwa sababu kizidishi chake cha kasi kilikuwa wazi tangu kiwandani, huku viini vyake viwili vikiwa vimezimwa. Anayeandika "X2 550 iliyofunguliwa" hajulikani anasema lipi kati ya hayo mawili. Zaidi ya hapo, kufungua kuna mahali pake halali. Mwaka 2010 Intel iliuza kadi ya dola 50 yenye namba ya siri, ambayo mwenye Pentium G6951 aliiingiza ili apate kache zaidi na Hyper-Threading. Huo ulikuwa ufunguo, ulionunuliwa kwa aliyefunga. Kwenye Phenom II hakukuwa na ufunguo wala ruhusa. Lugha yenye maneno mawili kwa mambo mawili haina sababu ya kuyabana kwenye neno moja.

Pingamizi la mwisho husema kwamba mitaani kukomoa ni kumtendea mtu jambo la kumuumiza kwa makusudi. Maana hiyo ipo, lakini yambwa wake ni mtu: unamkomoa jirani, huwezi kukikomoa kiini kwa maana hiyo. Waliokataa neno hili kwa sababu hiyo wanatumia "kupakua" bila kuogopa kwamba msomaji atafikiria wali.

Kwa matumizi, yatosha kusema: komoa kiini kimoja kimoja pale ubao mama unaporuhusu, kipe kichakataji kazi nzito kwa saa kadhaa, angalia joto kwa kipimo cha nje kwa kuwa vipimo vya ndani mara nyingi hunyamaza baada ya ukomoaji, na kompyuta ikiganda, komea tena. Vichakataji vingi vya leo vimekatwa njia za viini vilivyozimwa moja kwa moja ndani ya silikoni. Hivyo tuseme vimekatwa, maana havikomoleki. Waandishi wa vitabu vya kompyuta na walimu wanaovifundisha wasingoje kikao kiwaidhinishie kitenzi kilichomo kwenye kamusi zao: waandike kukomea, waandike kukomoa.