Wazee wa Dar es Salaam: walioanza kwa kushauri, wakaishia kuhutubiwa

Novemba 2, 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvuka mpaka na kuikalia ardhi ya Tanzania kaskazini ya Mto Kagera, Mwalimu Julius Nyerere aliitangazia nchi kwamba Amin atapigwa. Uwezo upo, alisema, sababu ipo na nia ipo. Maneno hayo matatu Watanzania waliokuwa na redio siku hiyo wanayakumbuka mpaka leo. Wachache zaidi wanakumbuka waliokuwa wameketi mbele yake. Hawakuwa wabunge, wala mabalozi, wala makamanda wa jeshi. Walikuwa wazee wa Dar es Salaam, ndani ya ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga.

Kwa nini rais mwenye Bunge, chama na redio ya taifa achague kuanzia kwa wazee wa mji mmoja? Jibu linaturudisha nyuma zaidi ya miaka 20, kwenye mitaa ya Kariakoo na Gerezani, wakati chama cha TANU kilipokuwa hakina fedha, hakina gari, na kiongozi wake ni mwalimu wa sekondari aliyekuja mjini akitokea Pugu.

Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, chama kilichozaa TANU, Aprili 1953 katika ukumbi wa Arnautoglu, akiwa na umri wa miaka 31. Alikuwa msomi wa Makerere na Edinburgh, Mkatoliki, Mzanaki kutoka Butiama. Mji aliouingia ulikuwa na wenyewe: Wazaramo na Wamanyema, masheikh na wafanyabiashara, watu waliojuana kwa misikiti, kwa ngoma na kwa maziko. Mgeni hakuweza kusimama Mnazi Mmoja na kusikilizwa kwa sababu tu ana shahada. Ilibidi mtu amshike mkono, ampeleke barazani na kusema, huyu ni kijana wetu.

Kazi hiyo ilifanywa na wazee pamoja na wenyeji wenzao waliokuwa na jina mjini. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, John Rupia, mfanyabiashara mwenye uwezo, akawa makamu wa rais wa chama na mmoja wa waliokifungulia mfuko wake. Dossa Aziz, ambaye wakati huo bado alikuwa kijana, alitoa gari lake litumike kwa shughuli za chama. Mshume Kiyate, mzee aliyejulikana kwa biashara ya samaki katika soko la Kariakoo, alikuwa miongoni mwa waliohakikisha kwamba kiongozi wao halali njaa. Nyerere alipotakiwa kwenda New York Machi 1955 kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, watu walichangishana. Aliporudi, akaacha kazi ya ualimu. Tangu hapo mshahara ukakatika, na siasa ikawa inategemea mifuko ya watu wa mjini.

Mchango huo ulikuwa na sura yake rasmi, yaani Baraza la Wazee la TANU, likiongozwa na Sheikh Suleiman Takadir. Kazi yake haikuwa kupamba mikutano. Wazee walipatanisha waliogombana, waliwatuliza vijana wenye hamasa, walisoma dua kabla ya safari na kabla ya maamuzi makubwa, na walimwambia rais wa chama ukweli pale wasaidizi wake walipoona haya kuusema. Katika mji uliokuwa na Waislamu wengi, neno la sheikh mzee lilifuta maswali ambayo hotuba 10 zisingeyafuta.

Wazee hao hawakuwa kwaya ya kuitikia. Mwaka 1958 Takadir mwenyewe aliinua swali zito kuhusu nafasi ya Waislamu katika nchi itakayokuwa huru, akimtazama Nyerere usoni. Chama kilimfukuza. Leo wapo wanaoona alikosea na wapo wanaoona alionewa, lakini tukio lenyewe linafundisha jambo moja: mwenyekiti wa wazee alijiona ana haki ya kumhoji kiongozi hadharani, na chama kiliona neno lake ni zito kiasi cha kulijibu kwa adhabu kubwa kuliko zote. Mzee asiye na uzito hafukuzwi, hupuuzwa.

Upande wa akina mama, kazi ilikwenda kwa kasi zaidi kuliko kwa wanaume. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba, alipokabidhiwa sehemu ya wanawake ya TANU mwaka 1955 hakuanza kwa kuandika katiba ya jumuiya. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila kikundi tayari kilikuwa na kiongozi, mhazini na mahali pa kukutania. Akimpata kiongozi, amepata na kikundi kizima. Katika miezi michache waliandikishwa wanawake wapatao 5,000. Mikutano ya Mnazi Mmoja ikajaa mabuibui.

Baada ya uhuru wa Desemba 9, 1961, mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu, na uzee wenye madaraka ya kisheria ukaondoka nchini. Uliobaki ni uzee wa heshima, na wazee wa Dar es Salaam wakawa kielelezo chake kwa taifa zima. Waliokuwa baraza la chama katika mji mmoja wakageuka hadhira ambayo rais anazungumza nayo anapotaka kuzungumza na kila mtu. Novemba 1985, Nyerere alipong'atuka, aliwaita tena Diamond Jubilee kuwaaga, akakumbusha walivyompokea na walivyomwombea dua.

Ukumbi wenyewe una kisa chake. Jina lake linatokana na jubilei ya Aga Khan III, ambaye mwaka 1946 alipimwa uzito kwa almasi jijini Dar es Salaam mbele ya wafuasi wake, na thamani yake ikatumika kwa maendeleo ya jamii yao. Wazee wa TANU hawakupimwa kwa chochote. Lakini wao ndio waliolifanya jina la ukumbi huo lifahamike kwa kila mwenye redio.

Marais waliofuata waliurithi utaratibu huo. Jakaya Kikwete aliutumia kuliko wengi. Mei 3, 2010, wakati shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, likijiandaa kwa mgomo, aliwaita wazee akawaeleza kwamba kima cha chini cha shilingi 315,000 serikali haikimudu, na kwamba kama bei ya kura za wafanyakazi ni hiyo, yuko tayari kuzikosa. Mgomo haukufanyika. Desemba 22, 2014 aliwaita tena, na nchi ikasikia kupitia kwao kwamba waziri ameondolewa kwa sababu ya sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. John Magufuli alikutana nao Februari 2016, na Samia Suluhu Hassan Mei 2021, safari hii Mlimani City.

Anayetazama mikutano hiyo kwenye televisheni anaijua sura yake. Safu za mbele ni kofia na kanzu, makoti yaliyonyooshwa vizuri, mitandio na khanga. Rais anaanza na shikamoo, na ukumbi unaitikia marahaba kwa sauti moja. Kisha hotuba inaendelea, pengine saa nzima au zaidi, yenye takwimu za mishahara, mikataba na bajeti. Mwishoni mzee mmoja hupewa nafasi ya kushukuru. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa, na ni kweli. Ila neno linalotajwa katika methali hiyo ni la mashauriano, na ukumbini siku hiyo neno limekwisha kuamuliwa.

Mmoja mmoja, wazee wa kwanza na wenzao wa harakati walipata heshima kwa mafungu tofauti. Mshume Kiyate ana mtaa unaobeba jina lake Kariakoo. Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971, akasamehewa mwaka 1972, akaishi kimya kwa miaka mingi kabla taifa halijamkumbuka tena. Alifariki Novemba 5, 2000, na leo barabara yenye jina lake inapita karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja alikokuwa akihutubia. Dossa Aziz alimalizia maisha yake Mlandizi, mbali na misafara ya magari ya viongozi.

Taratibu za karibuni zimegusa mahitaji ambayo ukumbi hauyagusi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60 na kuweka msimamo wa matibabu bila malipo kwa wasiojiweza. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: kuanzia Aprili 2016 kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 alistahili pensheni ya jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Mvuvi na mama muuza maandazi, ambao hawakuwahi kuwa na mwajiri wa kuwakatia mchango, wakatambuliwa kuwa nao waliijenga nchi.

Hata hivyo, fedha na majina ya mitaa havirudishi kile walichokuwa nacho wazee wa mwaka 1955. Wao hawakuheshimiwa kwa sababu walizeeka, bali kwa sababu walitoa fedha, muda na majina yao, na kwa kutoa huko wakapata haki ya kusema na kusikilizwa kabla uamuzi haujafanyika. Chama kichanga kisicho na senti kiliwaona wazee ni washauri. Serikali yenye kila kitu imewafanya wasikilizaji. Atakayetaka kuwaenzi kweli aanze kwa kubadili ratiba ya Diamond Jubilee: wazee waseme kwanza, na rais awe wa mwisho kushika kipaza sauti.