Kutoa Grisi kwenye Ganda la Risasi

Anayejaza risasi upya ana kazi moja ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina lililotulia: kuondoa mafuta kwenye ganda la shaba baada ya kulirudishia umbo lake. Mfasiri mwenye haraka ataandika "kusafisha ganda" na kupita. Mimi naona haitoshi, na ili nieleweke itabidi tuingie karakana kidogo.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki iliyopachikwa kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ganda zuri ni la shaba ya manjano, mchanganyiko wa asilimia 70 hivi ya shaba nyekundu na 30 ya zinki. Bunduki ikifyatuliwa, ganda huvimba likabana kuta za chemba na kuziba mwanya, ili moto usimrudie mpigaji. Kisha hunywea kidogo na kutoka, lakini halirudi kuwa lilivyokuwa, limenenepa. Mwenye kutaka kulitumia tena hulisukuma kwa mashine ndogo ya mkono ndani ya kalibu ya chuma kigumu, ile ambayo mafundi huiita dai, likabanwa hadi kipimo chake. Shaba kavu ikiingia humo hung'ang'ania, na ikishang'ang'ania kuitoa ni kazi. Kwa hiyo hupakwa kwanza kilainishi: grisi, nta, au mafuta ya sufu ya kondoo.

Kazi ya kubana ikiisha, kilainishi hichohicho kinageuka adui. Ganda lenye utelezi halishiki kuta za chemba vizuri, na msukumo mkubwa zaidi wa mlipuko hurudi nyuma kuegemea komeo la bunduki. Ni sawa na kuvuta jarife kwa mikono iliyopakwa mafuta. Yakipenya ndani, mafuta huharibu fataki na baruti, risasi ikagoma. Na huvuta vumbi. Waitaliano walilipata hilo katika Vita Kuu ya Pili: bunduki yao ya rashasha, Breda 30, ilikuwa na pampu ndogo ya kupaka kila risasi mafuta kabla haijaingia chemba. Katika jangwa la Afrika Kaskazini mchanga ulinata kwenye mafuta hayo, na bunduki zikakwama.

Grisi hutolewa kwa kitambaa na spiriti, au kwa maji ya moto na sabuni kisha ganda likakaushwa barabara. Wengine huyazungusha maganda ndani ya pipa lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yakafyonza mafuta. Hapa ndipo neno "kusafisha" linapotuangusha. Ganda husafishwa mara mbili, kwa sababu mbili. Kabla ya kubanwa huondolewa masizi na mchanga, visije vikaikwaruza dai. Baada ya kubanwa huondolewa grisi. Mwanafunzi akisoma "safisha ganda" tu hajui yuko hatua gani. Anaweza kuling'arisha asubuhi, akalipaka grisi na kulibana mchana, akaamini lingali safi kwa kuwa linametameta.

Mtu atauliza, kwani pwani yetu ina habari gani na mambo haya? Ipo, tena ya zamani. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilikimbizwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama. Shehena iliopolewa, zikiwemo risasi zilizolowa maji ya bahari. Kadiri muda ulivyokwenda baruti na fataki zilizidi kuharibika. Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, aliandika baadaye kwamba hapakuwa na budi kuzifumua zote, kuianika baruti na kubadilisha baadhi ya fataki, na kwamba kila mkono uliopatikana ulishughulika tangu asubuhi hadi usiku kwa miezi huko Neu-Moschi, Moshi ya leo. Kazi ya risasi haijaachwa nchini: Shirika la Mzinga liko Morogoro. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma, likawapiga Wareno Ngomano, katika Cabo Delgado ya leo, Msumbiji, na kuchukua bunduki na risasi zao. Baada ya hapo hawakuwa na haja ya kuanika baruti.

Basi maneno. "Ganda la risasi" halina mgogoro. Polisi na magazeti wameshalithibitisha kwa kila habari ya maganda yaliyookotwa eneo la tukio. "Kushindilia" nisingelitumia: ni la gobore, ambalo hujazwa kupitia mdomo wa mtutu. Hapa tunajaza ganda, basi "kujaza upya" latosha. Kulirudisha kipimo ni "kubana". "Kilainishi" ni neno zuri la kitabuni, lakini ukilitamka karakana utaulizwa una maana ya grisi au oili. Kwa hiyo kazi ya kwanza iitwe "kung'arisha", ya mwisho "kutoa grisi", na "kusafisha" tuliachie sakafu.

Linalobaki ni gumu zaidi, nalo ni "risasi" yenyewe. Kwa asili ni madini, yale mazito ya kijivu. Kisha likawa kichwa kinachoruka, kisha kitu kizima pamoja na ganda lake. Sheria ya Tanzania ya silaha ya 2015 hulitumia kwa maana hiyo ya mwisho. Kwenye meza ya fundi hilo halina madhara. Mucojo lina madhara.

Mucojo iko ufukweni mwa wilaya ya Macomia, katika Cabo Delgado hiyohiyo, kwa Wamwani ambao lugha yao ni jirani ya karibu ya Kiswahili. Vita vilivyoanza kwa shambulio la Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vimeipitia zaidi ya mara moja, na mwanzoni mwa 2024 wapiganaji waliingia wakaishika. Huko hakuna habari ya dai wala magunzi. Bunduki ya vita hivyo ni Kalashnikov, ileile iliyo kwenye bendera ya Msumbiji, na maganda yake kwa kawaida ni ya chuma kilichopakwa rangi au shaba nyembamba, sumaku huyanasa. Hata mnunuzi wa shaba chakavu hana faida nayo kubwa. Lakini mvuvi anayerejea akasema kuna risasi uani kwake, amesema nini? Makopo matupu, au vitu vinavyoweza kulipuka?

Anayeandika tangazo kwa watu hao, kwa Kiswahili au Kimwani, asiandike "risasi" peke yake. Lenye mdomo wazi aliite ganda tupu. Lenye kichwa aliite risasi nzima, na aongeze kwamba haiguswi, haitiwi kwenye gunia la vyuma chakavu, wala haichomwi pamoja na takataka za ua. Na watoto waambiwe wasiokote lolote kati ya hayo mawili.