Siku Moja kwa Mzee Kitereza

Mswada wangu wa riwaya ulirudi siku ya Jumatano. Kurasa 212 ndani ya bahasha ileile niliyoutuma nayo, na juu yake barua ya mistari mitatu. Mchapishaji, ambaye sitamtaja, alisema hadithi ni nzuri ila riwaya hainunuliwi. Kama ninaweza kuandika kitabu cha maswali na majibu cha darasa la saba, basi tuzungumze.

Ndugu msomaji, mimi nimeishia kidato cha nne. Nafanya kazi katika duka la kutoa fotokopi hapa Bunda mjini. Mchana natoa kopi za vyeti vya watu, usiku naandika. Mswada ule ulinichukua miaka minne, na ni juu ya bibi yangu, Mjita wa ziwani. Jioni ile niliutupa chini ya kitanda, nikajisemea basi, yamekwisha. Wenzangu wa kijiweni walinipa pole, lakini niliwaona wanavyotazamana. Yaani, tulikwambia.

Kitu kilichonitoa kitandani ni maneno ya mwalimu wangu wa Kiswahili wa zamani. Alikuwa akituambia darasani kwamba hapo ng'ambo ya maji kuna kisiwa kilichozaa waandishi watatu wakubwa wa riwaya, na sisi tunakijua kwa machungwa tu. Kila siku ya Mungu naziona hiace zimeandikwa Kisorya. Sikuwahi kupanda hata moja kwa ajili ya kuvuka. Jumamosi nikaomba ruhusa kwa bosi, nikatoka alfajiri. Niende asubuhi, nirudi jioni.

Hiace ilitupitisha Kibara, ikatufikisha Kisorya jua likiwa limeshapanda. Kivuko kilikuwa kimefungua mdomo wake wa bati gatini. Yaliingia magari kwanza, kisha pikipiki, kisha baiskeli zenye matenga, kisha sisi wa miguu. Nilisimama ukingoni karibu na mzee mmoja aliyekuwa na mfuko wa mbegu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unakwenda msibani?"

"Hapana babu, nakwenda kutembea tu."

Akacheka. "Watu hawavuki maji kwa kutembea. Una shida gani?"

Nilikosa la kujibu. Ning'ambe nakwenda kutafuta nini? Mama mmoja pembeni yetu alikuwa akihesabu maboya ya kujiokolea kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Hakuna aliyemcheka. Wote tunakumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, mita chache tu kabla ya kufika gatini. Kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Na wakubwa wetu wanaikumbuka MV Bukoba ya Mei 21, 1996. Hapa kwetu mtu akisema "nimefika salama", anamaanisha.

Safari yenyewe ni fupi. Ukisimama Kisorya unaiona Ukerewe mbele yako, miti na mawe makubwa yaliyopandana. Lakini ufupi huo unadanganya. Zamani kisiwa hiki ndicho kilichojulikana kuliko ziwa lenyewe. Wafanyabiashara wa pwani waliofika bara katika karne ya 19 waliliita ziwa lote kwa jina la Ukerewe, na Wazungu waliowasikiliza wakalichora hivyo katika ramani zao. Speke alipolifikia ziwa mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Jina la kisiwa likarudi kisiwani. Nilipokuwa shule nilikariri mwaka ule ili nifaulu mtihani, lakini hakuna aliyenifundisha kwamba ziwa lilikuwa na majina kabla ya hapo.

Wala Ukerewe haikuwa pembe ya dunia iliyosubiri kugunduliwa. Ilikuwa na watawala wake, waliotumia cheo cha Omukama, na mitumbwi yake ilibeba pembe za ndovu na vyakula katika biashara iliyofika mbali. Mwaka 1875 Stanley alipotaka kuwavusha watu wake kwenda Buganda, ilimbidi amwombe mitumbwi mtawala wa Ukerewe, Lukonge. Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani hapo walipoingia katika ugomvi wa Lukonge na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Mambo hayo yamo vitabuni kwa sababu Wazungu walikuwepo. Lakini watu wa kawaida wa Ukerewe siku zile walioanaje? Waliposana vipi? Mume aliyenyang'anywa mke na wakwe zake alikwenda kumkomboa kwa maneno gani? Stanley hakuandika hayo. Aliyeandika ni mwana wa kisiwa.

Kivuko kikagusa Rugezi. Yule babu akaniaga akisema, "Shida yako itatue mapema, kivuko cha jioni hakimngoji mtu." Nikapanda gari hadi Nansio, na kutoka Nansio nikachukua bodaboda kwenda Kagunguli.

Dereva wa bodaboda alikuwa kijana wa rika langu. Nikamuuliza kama anamfahamu Aniceti Kitereza.

"Anauza nini?"

"Ni mwandishi. Alishafariki."

"Aah. Mi namjua Kezilahabi, tulimsoma shule. Huyo mwingine ndo namsikia kwako."

Sikumlaumu, maana hata mimi kitabu cha Kitereza nilikipata kwa kuazima, na nilikisoma nikiwa nimeshamaliza shule. Tukafika misheni. Siku ile palikuwa kimya, watoto wawili wakifagia majani chini ya miti. Nikakaa kwenye kivuli na daftari langu. Hapakuwa na kitu cha kutazama, ila nilitaka kuwa mahali alipokuwa yeye.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, miaka 19 tu baada ya yale mauaji ya wamisionari. Alisoma kwa mapadri hapa Ukerewe, kisha seminari ya Rubya upande wa Bukoba, na baadaye akarudi kufanya kazi misheni hapa Kagunguli. Aliona Mjerumani akiondoka, akaona Mwingereza akija. Aliona pia jambo ambalo wengine hawakulijali: wazee waliokuwa wakijua mila, methali na namna ya kusema za Wakerewe walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na vijana hawakuwa na pa kujifunzia. Basi akaketi akaandika riwaya, kwa lugha yake ya Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945, akiwa na miaka 49.

Ni hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliopendana lakini hawakujaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wa mke wanakasirika, wanamchukua binti yao. Myombekere anamfuata, anaomba, anatozwa pombe ya ndizi, anarudi naye nyumbani. Baadaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Ukiisoma utaona kila kitu: jinsi ya kumkaribisha mgeni, kulima, kuvua, kutafuta mganga, kulia msibani. Mwandishi hana haraka hata kidogo. Mara ya kwanza nilichoka, nikafunga kitabu. Mara ya pili nikagundua kwamba haraka ilikuwa yangu mimi.

Sasa sikiliza yaliyoupata mswada huo, wewe mwandishi mwenzangu uliyerudishiwa bahasha. Hakuna aliyetaka kuuchapa. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na wachapishaji wanahesabu. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, aliupenda sana, akaanza kuutafsiri kwa Kifaransa. Padri akafariki kabla kitabu hakijatoka. Miaka ikapita. Mwingereza naye akaondoka, bendera ikabadilika, mswada bado ni mswada. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja watafiti wawili kutoka Marekani, mtu na mkewe, Gerald na Charlotte Hartwig, kuchunguza historia ya kisiwa. Wakaambiwa kuna mzee anayeijua, wakaukuta mswada. Wakamshauri autie kwa Kiswahili.

Hapo ndipo niliposimama kusoma, nikahesabu kwa vidole. Mzee alikuwa ameshapita miaka 70. Kitabu kile ni kinene, si cha kuandika mara mbili kwa mzaha. Akakaa chini akakiandika upya chote, kwa lugha nyingine, kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa mwaka 1980. Kutoka 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Na mwaka 1981 Kitereza akaaga dunia, hajakishika mkononi kikiwa kimechapwa.

Nilipokuwa shule kisa hiki kilinipa huzuni tu. Pale Kagunguli nilikuwa na hasira. Nilimwonea mzee uchungu, na kusema kweli nilijionea mwenyewe. Nikawaza, basi kuandika kwa lugha ya nyumbani ndiyo kosa? Kwa maana mwenzake wa kisiwa hichohicho hakungoja. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, mwaka 1944, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka 27. Aliiandika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Riwaya inaanzia Namagondo, kwenye nyumba ya baba mkali na binti zake, na ilipotoka wakubwa walishtuka, ikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye wakaiingiza mashuleni hukohuko. Mmoja alikataliwa kwa kuwa lugha yake ni ndogo, mwingine akapigwa marufuku kwa kuwa kila mtu anaielewa lugha yake. Kumbe hakuna njia iliyo nyeupe.

Wa tatu ndiye aliyenifungua macho. Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1938, alianza kwa Kiingereza na Village in Uhuru mwaka 1969, halafu akahamia Kiswahili na Uwike Usiwike Kutakucha mwaka 1978. Akawa mwalimu wa chuo kikuu ughaibuni, mwenye vitabu vyake mwenyewe vya kuandika. Lakini akatenga miaka ya maisha yake kukitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, na mwaka 2002 Mkuki na Nyota wakakitoa. Kabla ya hapo Mjerumani Wilhelm Möhlig alikuwa ameshakitia kwa Kijerumani. Kwa hiyo kitabu kilichokataliwa kwa kuwa lugha yake ina watu wachache, leo kinasomwa na watu ambao hawajui Ukerewe iko wapi.

Hebu hesabu mikono iliyokibeba: padri, watafiti wawili, mchapaji, watafsiri. Wengi wao hawakuwepo Kitereza alipoanza sentensi ya kwanza. Angeandika kwa kuwatazamia wao, asingeandika. Lakini pia tusijidanganye: wangekuja wote hao wakakuta mzee ameutupa mswada, au umeliwa na mchwa, wasingekuwa na cha kubeba. Sehemu yake ilikuwa mbili tu. Kuumaliza na kuutunza.

Nikatazama saa. Namagondo nilitamani kufika, ila muda ulinibana, nikaiacha kwa siku nyingine. Kezilahabi naye hayupo tena, alifariki Januari 2020. Nilipanda bodaboda yuleyule. Njiani akaniuliza, "Sasa huyo mzee wako, hicho kitabu chake kinahusu nini?" Nikamsimulia Myombekere anavyokwenda kwa wakwe kumwomba mkewe. Akapunguza mwendo ili asikie. Tulipofika Nansio akasema, "Wakwe ndo walewale mpaka leo." Akakataa kupokea mia tano ya mwisho.

Nilinunua machungwa, nikawahi Rugezi. Kivuko kilikuwa kimejaa, upepo wa jioni umeanza na maji yamebadilika rangi. Mama mmoja aliimba kwa sauti ya chini akimbembeleza mtoto, kwa lugha ambayo nadhani ni Kikerewe. Nilishika maneno mawili matatu, maana hayako mbali na Kijita cha bibi yangu. Nikakumbuka kwamba katika mswada wangu, kila bibi anapozungumza, nimemfanya azungumze kama mtangazaji wa redio. Mchapishaji hakuligusa jambo hilo. Lakini ndilo kosa lenyewe, na nilikuwa nalijua muda wote.

Nilifika Bunda usiku. Nikautoa mswada chini ya kitanda, nikaupangusa vumbi. Jumatatu niliwahi dukani kabla bosi hajafika, nikatoa kopi mbili za kurasa zote 212, na fedha yake nikaiweka kwenye droo ili nisidaiwe. Moja nimempa dada yangu aliyeolewa Musoma aifungie kabatini. Nyingine nimempelekea bibi kijijini. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo mjukuu wake mdogo anamsomea jioni baada ya kazi.

Wiki iliyopita bibi amenipigia simu. Ukurasa wa 17, amesema, hajawahi kusema maneno hayo maishani mwake. Nimeanza kuuandika upya kuanzia hapo.